Jinsi ya Kumpika Afande Mpaka Apikike

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kijana mwenye buti mpya akaambiwa, "Mrudishe Kampala akiwa afisa." Ni wa mkufunzi wa Kabalye kule Masindi, wa mkuu wa kituo anayeletewa makonstebo wapya, wa mhadhiri wa chuo cha Bwebajja kwenye barabara ya Entebbe, na wa mbunge anayepitisha bajeti yao wote. Ni wa mwananchi pia, kwa sababu yeye ndiye anayekula kinachopikwa huko, apende asipende, na mara nyingi hukila saa nane za usiku, ameibiwa, yuko peku, simu haina chaji.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Afisa wa polisi haivi uwanjani. Uwanjani ananyooshwa mgongo, na mgongo ulionyooka una faida zake. Kuiva anaivia kwenye kaunta ya kituo, siku ile mtu asiyemjua mkubwa yeyote serikalini anapoingia na kusema, "Afande, nina shida." Tumemfundisha vizuri sana kumpigia saluti aliye juu yake. Kumkaribisha aliye mbele yake bado hatujamfundisha vya kutosha. Hatua nane zinazofuata zinaliziba pengo hilo, na nyingi kati yake zinaweza kuanza kesho asubuhi.

Utakachohitaji

Kijana mmoja mwenye cheti cha kidato cha nne na moyo wa kusikiliza. Moyo wa kusikiliza upimwe kabla ya mbio za kilomita.

Katiba ya Uganda ya 1995, nakala moja kwa kila kijana, na iwe imechakaa kwa kufunuliwa.

Kitabu kikubwa cha kumbukumbu za kituo, kile ambacho Kampala nzima inakiita SD.

Kalamu inayoandika. Pamoja na nyingine ya akiba.

Mkuu mmoja mwadilifu wa kuigwa.

Nyumba yenye mlango unaofungika.

Muda. Hiki ndicho kinachoibwa kwanza, kwa hiyo ndicho tutakachoanza nacho.

Hatua ya 1: Usimharakishe

Uganda inaijua bei ya haraka, maana imeilipa jeshini. Askari wa King's African Rifles, kikosi cha jeshi la kikoloni kilichoundwa 1902, walikuwa Waafrika; maafisa wao walikuwa Waingereza. Mlango wa uofisa ulitiwa komeo kwa miongo mingi, na uhuru ulipokaribia kubisha hodi ndipo ukafunguliwa kwa papara. Idi Amin aliingia kikosi hicho 1946 akianzia jikoni. Mwaka 1961 akapewa uofisa, mmoja wa raia wawili wa kwanza wa Uganda kufikia cheo hicho. Tarehe 9 Oktoba 1962 nchi ikawa huru, huku maafisa wake wa jeshi wakihesabika kwa vidole.

Januari 1964 askari wa Jinja waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara na maafisa wa Kiafrika, wakamshikilia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Wiki hiyohiyo Tanganyika na Kenya nazo zilipata maasi yao. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akaipindua serikali, na yaliyofuata kila familia ya Kampala ina kaburi au pengo la kuyaelezea.

Simlaumu mtu kwa kukosa shule. Wapo askari wengi wasiosoma waliolinda watu kwa uungwana. Ninachokilaumu ni taasisi iliyokaa nusu karne na zaidi bila kumfundisha mtu, kisha ikataka aive kwa miezi michache. Basi wewe mwenye vijana wako, uchaguzi ukikaribia na simu ikapigwa kutoka juu kwamba wapelekwe mtaani kabla ya kumaliza masomo, simama wima ujibu kwa adabu zote: "Mheshimiwa, hawajaiva." Ikipigwa tena, jibu vilevile. Adabu isipungue, na jibu lisibadilike.

Hatua ya 2: Mpe Katiba kabla ya bunduki

Kifungu cha 212 kinaitaja kazi ya polisi kwa maneno machache: kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia na wananchi. Kifungu cha 23 kinamwambia afisa asichoruhusiwa kukisahau: anayekamatwa aambiwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, aambiwe kwamba ana haki ya wakili, na asipoachiliwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kifungu cha 24 kinakataza mateso, na kifungu cha 44 kinaongeza kwamba katazo hilo halipunguzwi kwa hali yoyote.

Somo hili likifundishwa darasani baada ya chakula cha mchana, vijana watasinzia. Liwekeni kwenye mchakamchaka. Kila alfajiri wanakuruta hukimbia wakiimba, na mtu anachokiimba huku jasho linamtoka hakimtoki tena kichwani mpaka uzeeni. Kiongozi aite, "Saa ngapi?" Kundi liitikie, "Arobaini na nane!" Aite, "Kwa lugha gani?" Waitikie, "Anayoielewa!" Aite, "Bondi shilingi ngapi?" Hapo waitikie kwa nguvu mpaka ng'ombe wa Masindi wageuze shingo: "Bure!"

Hilo la bondi lirudiwe mara mbili. Mabango ya kwamba dhamana ya polisi ni bure yamebandikwa vituoni, na bado ndugu wa mtuhumiwa wanafika wakiwa wamekunja noti kiganjani, kwa sababu bango wameliona na aliyesimama chini yake wamemwona pia. Wimbo unatakiwa umfikie huyo aliyesimama chini ya bango.

Hatua ya 3: Jenga kaunta uwanjani

Polisi wa London walioanzishwa na Robert Peel 1829 walipelekwa mtaani bila bunduki, wakae karibu na watu. Makoloni yaliletewa mfano mwingine, ule wa Ireland: polisi wa kambini, wenye silaha, walioandaliwa kuilinda serikali dhidi ya wanaotawaliwa. Kikosi cha kwanza hapa, mwaka 1899, kiliitwa konstabulari yenye silaha, na Polisi ya Uganda ikazaliwa rasmi 1906 ikiwa na damu hiyo mwilini. Ndiyo maana kwata ina uwanja mzima, na kaunta haina hata pembe ya darasa.

Tafuta mbao, misumari na benchi moja la kungojea. Jenga kaunta katikati ya uwanja wa gwaride. Kisha alika walimu kutoka Kampala. Anza na mama anayeuza mitumba soko la Owino, mwalimu asiye na shahada lakini mwenye uzoefu wa vituo usiopatikana chuo chochote. Mlipe nauli na posho kama mnavyomlipa mhadhiri. Kuruta asimame nyuma ya kaunta, mama aingie.

"Afande, jambo."

"Unataka nini?"

Piga filimbi. Kuruta azunguke uwanja mara moja, arudi.

"Afande, jambo."

"Jambo, nnyabo. Karibu, keti. Pole kwa usumbufu. Nikusaidie nini?"

Hapo somo limeanza. Mama aeleze kwamba balo lake la nguo limechukuliwa karibu na Old Taxi Park, na vijana wawili waliokuwa kwenye boda.

"Ilikuwa saa ngapi, nnyabo?"

"Jua lilikuwa linazama."

Kuruta wa kwanza ataandika "jioni" na kugeuza ukurasa. Huyo arudie. Anayefuata atauliza, "Msikiti wa Old Kampala ulikuwa umeshaadhini magharibi, au bado?" Mama atajibu, "Ndiyo kwanza unaadhini." Kuruta ataandika kwamba ilikuwa inakaribia saa moja jioni, na kwamba shahidi amekumbuka kwa adhana. Huyo mpigieni makofi. Amefanya upelelezi bila darubini, bila maabara, kwa swali moja la mtu anayeujua mji na kumheshimu anayeongea naye. Kisha amsomee mama alichokiandika, amuulize kama ndivyo alivyosema, ampe namba ya SD kwenye karatasi, na amtajie jina la afisa atakayeishika kesi.

Zoezi lifike pia kwenye lile neno linalojulikana kila kituo: "Gari letu halina mafuta." Mara nyingine ni kweli kabisa, tangi ni kavu na mgao wa mwezi umekwisha. Mfundishe kijana njia ya kweli: upungufu huo auandike kwenye SD, na saa, na jina la aliyemwarifu, kisha aupandishe kwa mkuu wake kila siku mpaka kero iwe na nyaraka. Umaskini wa kituo usipitishwe kwa mlalamikaji chini ya kaunta. Mwenye kuibiwa balo asilipe kodi mara mbili.

Mwalimu wa pili awe mtu anayejifanya mke aliyepigwa. Kuruta akiuliza, "Ulimfanya nini mumeo?" filimbi ilie kwa muda mrefu. Majibu sahihi ni haya: amtoe kwenye benchi la hadhara, ampeleke mahali pa faragha, amwite afisa wa kitengo cha kulinda watoto na familia, ampe Fomu ya Polisi namba 3 ya uchunguzi wa daktari, na ajue kwamba sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2010. Aijue kwa kuitumia, maana mwanamke aliyefika kituoni ameshavuka vikwazo vingi kuliko tunavyoviona: mama mkwe, wazee wa ukoo, nauli, na aibu.

Kisha geuza meza. Kila kuruta akae kwenye benchi la kungojea saa mbili, bila simu, bila kuambiwa neno, huku wenzake wakipita na kucheka. Hakuna mhadhara unaofundisha kama benchi hilo.

Hatua ya 4: Mfundishe Kiswahili cha kukaa kitako

Kiswahili kiliingia kambini tangu enzi za King's African Rifles, na hadi leo ndicho kinachomwunganisha kijana wa Arua na wa Kabale wakiwa kwenye mstari mmoja. Ni urithi mzuri, lakini ulitufikia Kampala ukiwa na nusu tu ya sarufi. Wazee wetu wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970, zama za vyombo vya usalama vya Amin, State Research Bureau pale Nakasero na Public Safety Unit pale Naguru. Walichokisikia kilikuwa amri tupu: simama, toka, lala chini, lete. Mtu aliyeijua lugha kwa kuamriwa tu hawezi kulaumiwa akiiogopa.

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watajifunza. Afande naye ajifunze upya. Tenga siku moja kila wiki ambayo hakuna kitenzi cha amri kinachotoka kinywani bila "tafadhali", "naomba" au "samahani" kutangulia. Wakufunzi waanze wao. Siku ya kwanza kambi itakuwa kimya kuliko makaburi ya Kololo, kwa sababu wengi watagundua hawana la kusema. Siku ya pili wataanza kuuliza maswali, na afisa anayeuliza maswali ndiye tunayemtafuta.

Ongeza Kiganda cha heshima. Neno "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke likitangulia, hata mwendesha boda wa Wandegeya aliyekosa njia huvua kofia ya chuma akasikiliza. Umwambie kijana pia kwamba Kampala ina Wakongo waliokimbia vita, na kwa wengi wao Kiswahili cha afisa ndilo daraja pekee kati yao na serikali ya nchi hii. Mama wa Bukavu akifika kituoni Katwe, hajui Kiganda, Kiingereza hakimpandi, kisha akasikia, "Karibu mama, pole na safari," ameshapata nusu ya ulinzi aliokuja kuuomba. Kwa Msomali wa Kisenyi asiyejua lugha yoyote kati ya hizo, kifungu cha 23 hakijaisha: mkalimani atafutwe kabla ya maelezo kuandikwa, na jina la mkalimani liandikwe.

Hatua ya 5: Mfundishe kukataa

Hii ndiyo hatua ngumu, na wakuu wengi wangependa niiruke. Siwezi.

Sheria ya kuzuia mateso ya 2012 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si utetezi kwa aliyemtesa mtu. Sheria ya kutekeleza haki za binadamu ya 2019 inamfanya afisa awajibike yeye mwenyewe, kwa jina lake. Kijana ambaye hajaambiwa haya tumemtega: tunampa amri, anaitii, kisha siku ya hukumu anajikuta peke yake kizimbani, aliyemwamuru yuko mapumzikoni kijijini.

Mfundishe maneno matatu ya kukataa, na ayafanyie mazoezi kwa sauti mpaka yatoke bila kutetemeka. La kwanza: "Afande, naomba amri hiyo kwa maandishi." La pili: "Afande, naomba iandikwe kwenye SD." La tatu, linapokuwa limebaki hilo tu: "Afande, hiyo ni kinyume cha sheria, siwezi." Mkufunzi achukue nafasi ya mkubwa mwenye hasira, apige meza, atishie uhamisho wa Karamoja. Kijana anayebaki na heshima yake na jibu lake apewe alama za juu kuliko mlenga shabaha bora.

Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi kukamatwa, maandamano yalizuka Kampala na miji mingine. Ndani ya siku chache watu wasiopungua 54 waliuawa, hesabu iliyotajwa na Rais Museveni mwenyewe, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakipita na shughuli zao. Mafunzo ya kukabili umati yajengwe juu ya majina ya waliouawa. Kijana ajue kuhesabu hatua kati yake na kundi, ajue kurudi nyuma bila kuona aibu, ajue kumtibu aliyejeruhiwa hata kama dakika tano zilizopita alikuwa anamrushia jiwe. Ajue kwamba risasi haina kitufe cha kuirudisha.

Anayedhani somo hili linadhoofisha polisi amkumbuke Erinayo Oryema. Mwaka 1964 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda, akimpokea Mwingereza Michael Macoun. Februari 1977, akiwa waziri, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi. Nchi ambayo wenye bunduki hawajui kukataa haikumwachia kituo cha kukimbilia hata aliyewahi kuwa mkuu wa vituo vyote. Kukataa amri haramu ni ulinzi wa afisa mwenyewe, na wa watoto wake.

Hatua ya 6: Mchagulie wa kumwiga

Kozi ikiisha, chuo cha pili kinaanza, nacho ni koplo wa zamu ya usiku. Miezi yote ya Kabalye inaweza kufutwa kwa wiki moja na koplo anayesema, "Hayo ya chuo yaache chuoni." Mwaka 1999 tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ilikaa kusikiliza ushahidi wa rushwa ndani ya polisi, na nchi nzima ikasikia. Waliotajwa humo nao waliwahi kuwa wanakuruta, wakala viapo vilevile, wakaimba nyimbo zilezile. Mahali fulani katikati walipata mwalimu mwingine.

Kwa hiyo usimpeleke konstebo mpya mahali penye nafasi tu. Mpeleke penye mtu. Kila wilaya ya polisi ya Kampala ina maafisa wanaojulikana na majirani kwa wema: sajini ambaye wauza ndizi wanamwita kwa jina, inspekta ambaye mawakili wanajua faili zake hazipotei. Waulize wananchi wa mtaa, watakutajia bila kufikiri. Hao ndio wapewe vijana kwa mwaka wa kwanza, na kazi hiyo ihesabiwe wakati wa kupandishwa vyeo. Leo sajini anayelea vijana kumi wakawa waaminifu hapati hata barua. Mpeni nyota.

Hatua ya 7: Mpe mlango wa kufunga

Mtu hatoi heshima ambayo nyumbani kwake haipo. Kwa miaka mingi familia za askari zimeishi kwenye vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo wenyewe walivipa jina la "mama ingia pole". Ukiingia ndani unaelewa mara moja: mchana bati linaunguza, usiku mvua ikinyesha hamsikilizani, na kati ya kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto kuna pazia la kanga. Baba anatoka humo saa kumi na moja alfajiri, anavaa sare aliyoipiga pasi ya mkaa, anakwenda kusimama barabara ya Jinja katikati ya moshi wa magari, na tunamtaka awe mpole hadi jioni.

Maghorofa mapya yamejengwa Naguru, na aliyeyajenga apewe pongezi kamili. Lakini mwongozo huu unataka zaidi: nyumba ihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo, iingie kwenye hesabu ileile ya madaftari na buti. Mbunge anayeuliza gharama ya kumfundisha konstebo mmoja apewe jumla yenye mlango, choo, na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Rushwa haihalalishwi na njaa, na sitaihalalisha. Lakini mzazi anayejua karo imelipwa ana nguvu zaidi ya kuikataa noti iliyokunjwa kiganjani, na nguvu hiyo iko mikononi mwetu kumpa.

Hatua ya 8: Usifunge daftari

Uofisa si cheti cha kutundika ukutani. Shule ya upelelezi ya Kibuli na chuo cha maafisa wakuu cha Bwebajja zipo kwa ajili hiyo, na milango yake ifunguliwe kwa wanaostahili kabla ya wanaofahamiana.

Sababu tunazo. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kiethiopia kule Kabalagala. Kesi ilikwenda mahakamani, na 2016 baadhi ya washtakiwa walitiwa hatiani na wengine wakaachiliwa. Yote mawili ni ushindi wa sheria: ushahidi uliotosha ulifunga, usiotosha ukaachia. Baada ya mauaji ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017, mji ulijazwa kamera. Kamera inaona, kuelewa ni kazi ya mtu aliyefundishwa kuitazama, kuitunza picha kama ushahidi, na kuikabidhi kwa mwendesha mashtaka ikiwa na saini ya kila aliyeigusa. Na tarehe 16 Novemba 2021 bomu lilipolipuka kwenye kizuizi cha ukaguzi cha kituo kikuu cha polisi cha Kampala, miongoni mwa walioumia walikuwamo askari wenyewe. Mafunzo ya afisa ni haki yake pia. Anayesimama mlangoni kwa ajili yetu hatakiwi kusimama hapo na elimu ya miaka kumi iliyopita.

Utajuaje kwamba ameiva

Usiangalie viatu. Viatu vinang'arishwa kwa robo saa.

Mtume mtu asiyejulikana aende kituoni akiwa amevaa ndala, akaripoti simu iliyoibiwa. Saa moja baadaye mtume mwingine mwenye suti na gari, akaripoti simu ileile. Linganisha dakika walizongoja, maneno waliyoambiwa, na mistari iliyoandikwa kwenye SD. Zikilingana, ameiva. Zikipishana, mrudishe jikoni bila chuki.

Uliza mahabusu aliyelala humo jana kama anajua kwa nini yumo. Akijua, na akajua kwa lugha yake, ameiva. Muulize muuza chapati aliye nje ya uzio wa kituo kama anadaiwa au anadai. Uliza watoto wa mtaa huo: afande akipita, wanakimbilia wapi?

Na siku ya kufuzu, mgeni rasmi akishamaliza kukagua gwaride, msimpeleke moja kwa moja kwenye hema la chakula. Mvueni koti, mkalisheni kwenye benchi la ile kaunta ya uwanjani bila kumtambulisha, aombe msaada wa kesi ndogo. Akihudumiwa kama raia, wavisheni vijana vyeo vyao tuwapigie vigelegele mpaka Masindi mjini wasikie. Asipohudumiwa, warudisheni wote darasani, na wakufunzi wao wakae kiti cha mbele.